Mbona Mimi Haijawahi Kunizimia?

Kuna swali moja linalovuruga jioni za wenye ndoa changa hapa mjini kuliko hata lile la "nani anakupigia saa hizi?" Swali lenyewe ni hili: "Mbona mimi haijawahi kunizimia?" Kama nyumbani kwenu mna gari moja, la zamani, na mnaliendesha wawili, basi umeshaulizwa au umeshauliza.

Nazungumzia lile gari linalozima lenyewe katikati ya barabara, halafu ukisubiri nusu saa linawaka kana kwamba halijafanya kitu. Ukilipeleka kwa fundi linanguruma vizuri tu, fundi anakuangalia, wewe unabaki huna la kusema. Gari lililokufa kabisa lina nafuu, maana kila mtu analiona limekufa. Hili linakufa mbele yako peke yako. Matokeo yake aliyezimiwa anaonekana hajui kuendesha, au anatia chumvi, au anatafuta namna ya kununuliwa gari jingine. Kuna kaka mmoja ofisini kwetu, mkewe alikataa kabisa kumwamini. Kila akichelewa na kusema gari limezima, sharti atume picha ya boneti likiwa wazi. Sisi tulicheka. Yeye alikuwa hacheki.

Kwetu aliyekuwa anazimiwa ni mimi. Tuna gari dogo la Kijapani la mwaka 1995, la petroli, gia otomatiki. Jina lake silitaji, kwa sababu gari lenye miaka 30 likizima kosa ni la umri, si la aliyelitengeneza. Asubuhi natoka nalo Mbezi ya Kimara saa 11 alfajiri kwenda Posta, jioni narudi nalo pamoja na binti yetu wa miaka minne, ambaye hushinda kwa bibi yake Magomeni. Mume wangu anafanya kazi Kibaha na anapanda basi la ofisi. Yeye gari analishika Jumamosi asubuhi kwenda sokoni na Jumapili kwenda ibada ya kwanza. Ishike vizuri hiyo ratiba, msomaji wangu, kwani jibu lote lilikuwa humo.

Mara ya kwanza lilinizimia Manzese, saa 1 usiku, foleni imeshikana, kiyoyozi kinapuliza. Halikukohoa wala kutetemeka. Lilikata tu, kama mtu aliyezima taa chumbani. Nikazungusha ufunguo, stata ikazungusha injini kwa nguvu zote, hamna kitu. Vijana wakanisukuma pembeni, nikampigia mume wangu. Akaja kwa bodaboda, kama dakika 30 hivi, akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo mara moja. Likawaka. Wale vijana wakapiga makofi! "Mke wangu, hii gari inataka kubembelezwa tu," akaniambia, na njia nzima mpaka nyumbani alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja.

Ndani ya wiki sita likanizimia mara tano. Yeye hata mara moja.

Laki nne zilivyoyeyuka

Fundi wetu ni rafiki wa siku nyingi wa mume wangu, mtu mwema na mkono wake mzuri, lakini kama mafundi wengi wa vichochoroni anatibu kwa kubahatisha. Akaanza na betri mpya, laki moja na tisini. Zikafuata plagi nne, kisha filta ya mafuta, kisha pampu ya mafuta pamoja na ufundi wake. Tulipojumlisha ilikuwa imepita laki nne. Kila kifaa kilipobadilishwa gari lilikaa siku nne au tano bila kuzima, mume wangu anatangaza ushindi, halafu Ijumaa ndo hivyo tena, limelala Ubungo na mimi ndani.

Hapo pana jambo la kuelewa. Ugonjwa unaokuja na kuondoka hupona wenyewe kila siku. Ukibadilisha chochote, hata mazulia ya miguuni, kesho gari litawaka na utaamini kwamba mazulia ndiyo yalikuwa tatizo.

Mambo mawili ndiyo yaliyonifanya niseme basi. La kwanza, usiku mmoja pale Kimara Baruti lilizima nikiwa njia ya katikati, mtoto amelala kiti cha nyuma, semitrela iko nyuma yangu. Injini ikizima, usukani wa pawa unakuwa mzito ghafla, na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, kwa sababu nguvu inayoisaidia breki inatokana na mvuto wa hewa wa injini. Ukipampu pampu unaimaliza. Kinachotakiwa ni kuwasha hazadi, kushika usukani kwa mikono miwili, kuacha gari liserereke kuelekea pembeni, na kukanyaga breki mara moja kwa uthabiti. Ufunguo usiurudishe mpaka mwisho gari likiwa linatembea, usukani unaweza kujifunga. Tulifika pembeni salama. Dereva wa semi alipiga honi mpaka mtoto akaamka.

La pili, wiki hiyo hiyo mume wangu alirudi na fomu ya mkopo benki. Milioni 14, miaka minne, tuachane na huu mkweche. Sasa sisi tuna msingi wa nyumba Kibaha, tofali zimeshapangwa pale, na kila mwezi tunaongeza kidogo. Mkopo ule ungelala juu ya nyumba ile kwa miaka minne. Nikamwambia, "Baba, kabla hujasaini nipe wiki tano." Akasema sawa, ila kwa sauti ile ya mtu anayejua atakuwa sahihi.

Daftari kwenye dashibodi

Nilianza na daftari la shule la mtoto, nikaliweka kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na kalamu. Kila likizima, nikishafika pembeni, naandika: saa ngapi, nimeendesha kwa muda gani, foleni au barabara ya wazi, kiyoyozi kiko wazi au kimefungwa, mvua au jua, mshale wa joto uko wapi, mafuta kiasi gani. Halafu mambo mawili ambayo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: lilikufaje, na lilichukua dakika ngapi kukubali kuwaka.

Kwa wiki tano nilipata matukio tisa. Nikayaweka mezani Jumapili mchana baada ya chakula. Yote tisa yalitokea jioni. Yote baada ya kuendesha zaidi ya dakika 40. Manane kati ya hayo kwenye foleni ya kusimama na kusogea. Mvua ilinyesha mara mbili tu, kwa hiyo maji tukayaweka kando. Kiwango cha mafuta hakikuwa na mpangilio wowote. Na kila mara lilikubali kuwaka kati ya dakika 20 na 35.

Mume wangu aliusoma ule ukurasa mara mbili. Ni mhasibu, namba anaziheshimu kuliko maneno yangu (hilo nalo tutaliongea siku nyingine). Akauliza, "Kwa hiyo ni joto?" Ni joto. Yeye analiendesha asubuhi, dakika 15 kwenda sokoni, gari limelala usiku kucha nje kwenye ubaridi. Mimi asubuhi natoka saa 11 kabla ya foleni. Jioni ndipo injini inachemka saa nzima bila upepo wa kutosha kupita kwenye boneti, na kila kilicho karibu nayo kinapikwa. Na ile siku ya Manzese alipokuja na bodaboda akazungusha ufunguo mara moja likawaka? Zile dakika 30 za bodaboda ndizo zilizoliwasha.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Sasa kuna kitu kinachokataa kikipata moto." Ilikuwa mara ya kwanza tunasema "kitu" badala ya "wewe".

Ili usipotee, hebu tuweke mambo ya msingi sawa. Injini ya petroli inahitaji mafuta, hewa inayobanwa vizuri, na cheche inayokuja kwa wakati wake. Swali la kwanza kabisa ni kama stata inazungusha. Ukigeuza ufunguo ukasikia "tik" au kimya, angalia betri, vichwa vya betri, swichi ya ufunguo na stata yenyewe. Stata ikizungusha kwa nguvu lakini injini haiwaki, betri haina kosa. Laki yetu moja na tisini ilikufa kwa kukosa swali hilo dogo.

Swali la pili ni namna linavyokufa. Gari linalokosa mafuta mara nyingi huaga: linavuta, linakohoa, linapungukiwa nguvu, ndipo linazima. Linalokosa moto hukata ghafla. Na kama gari lako lina mshale wa mizunguko ya injini, uangalie wakati linazima likiwa bado linaserereka. Ukianguka hadi sifuri papo hapo wakati magurudumu bado yanazungusha injini, hiyo ni dalili nzito kwamba umeme wa kuwashia umekatika. Nasema dalili, maana pampu ya mafuta nayo huweza kuchoka ikipata joto, na mishale ya magari haiunganishwi kwa namna moja. Hukumu inataka ushahidi zaidi.

Umeme wenyewe unasafiri hivi. Betri inatoa volti 12. Zinapita kwenye fyuzi na swichi ya ufunguo hadi kwenye koili. Koili ina nyaya mbili za shaba zilizozungushwa, moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba kama unywele yenye mizunguko maelfu. Kifaa cha elektroniki kiitwacho ignaita kinafungua na kukata umeme kwenye ule waya mnene, na kila kinapokata, ule mwembamba unarusha volti 20,000 na zaidi. Distributa inazigawa kwa kila plagi kwa zamu. Magari mapya hayana distributa, na kwa mengi kila plagi ina koili yake, ndiyo maana moja ikifa injini inachechemea tu. Sisi wenye magari ya zamani tuna koili moja kwa plagi zote. Ikikataa yenyewe, umelala barabarani.

Sasa waya mwembamba kama unywele, uliopikwa miaka 30, unaweza kuwa na mpasuko usioonekana. Ukiwa wa baridi ncha zinagusana. Joto likipanda vitu vinatanuka, ncha zinaachana, moto unakatika. Ikipoa, zinarudiana. Unaona sasa kwa nini fundi hakuona kitu? Kila mara gari lilipofika kwake lilikuwa limeshapoa.

Tusijione tuna mkosi peke yetu. Kule Marekani, Ford iliwahi kuweka ignaita juu ya distributa, karibu kabisa na joto la injini, kwenye mamilioni ya magari ya miaka ya 1980 na ya 1990. Kikipata joto kupita kiasi kifaa kiliweza kukata moto barabarani, kikipoa gari linawaka. Wamiliki wakaenda mahakamani, na Oktoba 2000 jaji mmoja wa California akasema kampuni iliificha hitilafu hiyo, akaamuru magari hadi milioni 1.7 ya jimbo hilo yaitwe kutengenezwa. Kampuni ilipinga, lakini mwaka uliofuata ikafikia makubaliano na wamiliki. Na si joto tu. Mwaka 2014 General Motors iliita magari madogo yapatayo milioni 2.6 kwa sababu swichi ya ufunguo iliweza kuteleza yenyewe gari likiwa kwenye mwendo, injini ikazima na mifuko ya hewa isifunguke. Mfuko wa fidia wa kampuni ulikubali madai ya vifo 124. Wamiliki waliambiwa waondoe kila kitu kwenye ufunguo, ubaki peke yake. Ukiwa na gari la zamani na ule mtungo wako wa funguo za nyumba, za ofisi, kopo la kufungulia soda na dubu wa manyoya, punguza leo.

Hiyo ilinifanya nianze na swichi. Gari likiwa limewaka pale uani, nilitikisa ufunguo taratibu, nikatikisa soketi za nyaya moja moja, nikatikisa waya wa athi unaounganisha injini na bodi. Hakuna kilichobadilika. Usiku tulifungua boneti gizani tukanyunyiza maji kidogo sana kwa chupa ya manukato iliyoisha. Waya wa plagi ukiwa umepasuka utaona vicheche vya bluu vinavuja. Tukaona kimoja, kwenye waya wa silinda ya tatu. Mume wangu alifurahi kama mtoto, nikamwambia hiyo italifanya gari lichechemee, haiwezi kulizima lote kwa mpigo. Tuliandika kwenye daftari tukaendelea.

"Shemeji, mambo ya moto waachie wanaume"

Maneno hayo ni ya fundi, nilipomwambia nataka kifaa cha kupimia moto wa plagi. Nikamkumbusha habari ya Bertha Benz. Agosti 1888 mama huyo alichukua gari la mumewe, Carl Benz, bila kumwambia, akapakia wanawe wawili, akatoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim, kilomita kama 100. Njiani bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya wa kuwashia ukachubuka, akauhami kwa kutumia mkanda wa soksi yake. Yaani safari ndefu ya kwanza ya gari duniani, hitilafu ya moto ilitibiwa na mke wa mtu. Fundi akacheka, akasema, "Haya shemeji, wewe mkanda wako uko wapi?"

Kifaa chenyewe ni kitaa kidogo kinachoingia kati ya waya na plagi. Bei yake haifiki hata plagi moja nzuri. Moto ukipita kinamulika, usipopita giza. Usijaribu ile mbinu ya kushika waya kwa mkono na kuusogeza kwenye chuma uone cheche. Volti 20,000 si za kuchezea, na palipo na harufu ya petroli hupaswi kurusha cheche yoyote. Nilikaa nacho kwenye buti. Alhamisi iliyofuata gari likazima Magomeni. Nikasogea pembeni, nikaweka pembetatu, nikakiunganisha, nikamwomba dada muuza matunda azungushe ufunguo. Giza. Nikawasha ufunguo bila kuzungusha nikasikiliza chini ya kiti cha nyuma: pampu ya mafuta ikavuma sekunde mbili, kama kawaida yake. Nikapima kwa mita ya umeme pale koili inapopokea: volti 12 zipo. Kwa hiyo fyuzi nzima, swichi nzima, umeme unafika kwenye koili na hautoki. Zilibaki koili na ignaita, pamoja na sensa ndani ya distributa inayoipa ignaita amri. Nikanunua ndizi za yule dada, tukasubiri na mtoto dakika 25, tukaondoka.

Kuna njia ya kuuliza gari lenyewe pia. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 yanatoa namba za makosa kwa kupepesa taa ya injini kwenye dashibodi, ukiunganisha matundu mawili maalumu. Ila kompyuta inaandika inachokiona, na letu halikuwa limeandika chochote. Mashine za kisasa za kusoma makosa nazo hazikupata pa kuchomekwa. Mafundi wanaokataa kushika gari mpaka mashine iseme, mimi siwaelewi.

Jumamosi nikamwambia mume wangu asiende sokoni. Nilitaka gari life mbele yake.

Tuliliwasha likapata joto la kawaida, boneti wazi, pale uani penye hewa, tukahakikisha hakuna harufu ya petroli. Nikavuta ekstensheni kutoka sebuleni, nikachomeka draya yangu ya nywele. Kitambaa cha kichwani nilikifunga vizuri, maana feni ya injini haina adabu. Kwanza nikaipuliza ignaita, ambayo kwetu imefungwa pembeni mbali na koili, kwa dakika kumi. Injini haikushtuka. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda na chai yake. Kisha nikahamia kwenye koili. Dakika ya tano, kimya. Dakika ya nane, kimya. Dakika ya kumi na moja na sekunde kadhaa injini ikakata, vilevile kama Manzese. Akaweka kikombe chini, akaenda mwenyewe kwenye usukani, akazungusha. Stata inazunguka, kitaa kiko giza. Akazungusha tena. Giza.

"Imenizimia," akasema.

Sikujibu kitu. Nilizima ufunguo, nikaizungushia koili kitambaa kibichi kwenye mwili wake tu, mbali na vichwa vya nyaya. Baada ya dakika nane tukaondoa kitambaa, akazungusha, likawaka. Tukarudia mara ya pili ili tusijidanganye. Likakata tena, dakika ya tisa. Koili ikiwa bado ya moto tuliifungua tukaipima: ule waya mwembamba ambao asubuhi ulisoma omu kama 11,000, sasa mita ilisema haujaunganika kabisa. Hapo hata fundi hakuwa na neno.

Koili mpya ilipatikana Ilala, Shauri Moyo, kwa shilingi 85,000. Ushauri wangu, kifaa cha umeme usinunue kilichotumika, hata muuzaji akiapa kimeshuka juzi kutoka Japani. Kioo cha pembeni au mlango sawa, lakini koili iliyotumika ina miaka ileile ya ile inayokusumbua, na hakuna muuzaji atakayekuruhusu uipashe moto dukani kwake. Nenda na ile ya zamani mkononi, linganisha namba, uliza risiti yenye muhuri. Waya za plagi tukabadilisha zote nne, maana ule mmoja ulikuwa unavuja.

Na hapa ndipo fundi alipojipatia heshima yake tena. Alikataa kufunga koili mpya kabla hajajua kwa nini ya zamani ilichoka. Akatoa zile plagi mpya, akapima mwanya: zilikuwa zimefungwa kama zilivyotoka dukani, pana kuliko kitabu cha gari kinavyotaka. Kwa magari ya kizazi hiki mwanya huwa kama milimita 0.8 hadi 1.1, kila gari na kipimo chake. Mwanya ukizidi, koili inalazimika kupandisha volti zaidi ili cheche iruke, na inachemka zaidi. Akarekebisha. Akapima altaneta isije ikawa inazidisha umeme, akapata volti 14.1, iko salama. Akasafisha waya wa athi kwa msasa. Kazi yote ilichukua asubuhi moja.

Ijumaa mume wangu aliomba ruhusa mapema, akaja mjini, akasema leo analiendesha yeye. Tuliondoka Posta saa 11 jioni, kiyoyozi wazi, jua la machweo usoni. Saa moja na dakika 50 mpaka Mbezi. Kuanzia Ubungo hakuongea, nikamwona anautazama mshale wa mizunguko kuliko barabara, mpaka nikamwambia, "Baba, angalia mbele." Halikuzima. Mpaka leo ni miezi minne, halijazima. Kwenye daftari safu ya mwisho ameandika yeye, kwa mwandiko wake wa kihasibu, tarehe na neno "hamna" kila Ijumaa. Fomu ya mkopo sijui ilipo. Kibaha tumefika kwenye lenta.

Fundi ana mteja mwingine sasa, gari lake linazima kila likipanda Pugu, na ameniomba nimwazime draya. Nimemwambia zinauzwa Kariakoo, anunue yake.